Je, pampu ya joto italipa nyumbani kwako? Mwongozo kamili wa kupima kabla ya kununua

Anayetaka kuipasha nyumba yake kwa pampu ya joto kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue mashine ya aina gani. Mimi humrudisha nyuma kidogo. Nimeona mashine ya hali ya juu ikimeza umeme kupita kiasi, na nimeona mashine ya kawaida kabisa ikiitunza familia kwa bili ndogo majira yote ya baridi. Kilichozitofautisha ni nyumba zenyewe, joto la maji yaliyopita kwenye mabomba, na bei ya umeme ikipimwa dhidi ya nishati iliyokuwa ikitumika mwanzo. Mambo hayo matatu unaweza kuyapima mwenyewe kwa kalamu, kikokotoo na kipimajoto. Fuata hatua kwa mpangilio, maana jibu la hatua moja ndilo linaloingia kwenye hesabu ya inayofuata.

Kinachofanyika ndani ya boksi

Weka kiganja nyuma au ubavuni mwa friji wakati inanguruma. Utasikia uvuguvugu. Joto hilo lilikuwa ndani ya vyakula. Friji imelitoa humo na kulimwaga chumbani. Pampu ya joto hufanya kazi hiyo hiyo, ila inalitoa joto nje ya nyumba: kwenye hewa, udongo au maji. Gesi maalumu huzunguka ndani ya mabomba yake. Ikifika kwenye koili ya nje huwa baridi kuliko hewa, kwa hiyo hewa huipa joto nayo huchemka na kuwa mvuke. Kompresa huukandamiza mvuke huo hadi ukawa wa moto, kisha unaingia ndani ya nyumba, unaachia joto lake, unarudi kuwa kimiminika na kupita kwenye vali nyembamba inayoshusha mgandamizo. Hapo safari inaanza upya.

Wengi huuliza: hewa ya nyuzi -10 ina joto gani la kutoa? Inalo, tena tele, kwani joto huisha kabisa kwenye nyuzi -273. Propani, ambayo kwenye pampu za joto huandikwa R290, huchemka kwa nyuzi -42 katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kwake yeye, hewa ya nyuzi -10 ni moto wa kutosha kumchemsha. Ndiyo maana Norwei, Uswidi na Finilandi, nchi za baridi kali, zinaongoza Ulaya kwa idadi ya pampu za joto ukilinganisha na idadi ya kaya. Wala jambo hili si geni: jengo la halmashauri la Zurich, Uswisi, liliwekewa pampu ya joto mwaka 1938 ikivuta joto kutoka mto Limmat, nayo ikafanya kazi hadi 2001.

Kinachobadilika ni jasho. Fikiria kuteka maji kisimani. Ndoo ni ile ile, lakini kisima kikiwa kirefu unavuta kamba zaidi kwa kila ndoo. Kwa pampu ya joto, urefu wa kisima ni tofauti kati ya joto la nje na joto la maji unayoyataka ndani. Nje kukiwa nyuzi 0 na maji ya mabombani yakihitajika kwa nyuzi 35, pampu nzuri hutoa uniti 3.5 hadi 4 za joto kwa kila uniti 1 ya umeme (uniti ni kilowati-saa moja, iwe ya umeme au ya joto). Ukiyataka maji hayo kwa nyuzi 55, uwiano unashuka hadi 2.5 hivi. Hita ya kawaida ya umeme hutoa 1 kwa 1 siku zote. Uwiano huu ndio unaoandikwa COP kwenye vipeperushi, na wastani wake wa msimu mzima ni SCOP. Kila nyuzi moja unayoishusha kwenye maji ya kupashia huongeza ufanisi kwa takriban asilimia 2 hadi 3, na karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatoka kwenye ukweli huo.

Hatua ya 1: Tafuta joto linapotokea

Anza darini, maana hewa ya moto hupanda. Paa la mita za mraba 100 lisilohamiwa chochote, yaani lisilo na tabaka la kuzuia joto lisitoke, hupoteza takriban wati 2 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Nje kukiwa nyuzi 0 na ndani 20, hiyo ni wati 4,000 zinazokwenda angani usiku na mchana. Ukitandaza fibaglasi au kihami kingine cha unene wa kutosha, wati 2 hizo hushuka hadi karibu 0.2, na jumla inabaki wati 400. Sijui mashine yoyote unayoweza kununua itakayokufanyia kazi kubwa namna hiyo bila kula umeme.

Madirisha nayo. Kioo kimoja hupoteza wati 5 hivi kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi. Vioo viwili vya kisasa vyenye gesi katikati hupoteza wati 1.2 hadi 1.4. Ukuta wa matofali matupu ni karibu 2, ukihamiwa vizuri ni 0.3. Chukua futi, pima maeneo, zidisha. Hesabu yako haitakuwa ya kihandisi, lakini itakuonyesha ni wapi joto linavuja zaidi, na mara nyingi si pale ulipodhani.

Kisha kuna hewa yenyewe. Siku ya upepo, washa mshumaa uupitishe taratibu pembezoni mwa milango, madirisha, mahali mabomba yanapotoboa ukuta na kwenye mfuniko wa kupandia darini, ukichunga mapazia. Mwali ukilala, hewa inapita. Nyumba ya mita za mraba 100 yenye dari ya mita 2.5 ina mita za ujazo 250 za hewa. Ikibadilika yote mara moja kwa saa, kwa tofauti ya nyuzi 20, unapoteza wati 1,650. Ziba nyufa, lakini usizibe matundu ya hewa yaliyowekwa makusudi. Nyumba isiyopumua huota ukungu, na kama kuna jiko au kifaa chochote kinachowaka moto ndani, kuziba matundu kunaweza kuua kwa gesi ya kaboni monoksidi.

Kazi ya darini na ya kuziba nyufa ifanye kabla ya kuagiza pampu. Ukibadili mpangilio, utanunua mashine kubwa kwa ajili ya nyumba inayovuja, kisha ukihami baadaye utabaki na mashine iliyozidi.

Hatua ya 2: Jua nyumba inahitaji joto kiasi gani

Ukiwa tayari unapasha nyumba kwa mafuta au gesi, bili zako zinajua kuliko fundi yeyote. Lita moja ya mafuta ya kupashia, au ya dizeli, ina takriban uniti 10 za nishati. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina karibu 12.8, mita ya ujazo ya gesi asilia karibu 10, kilo ya kuni kavu karibu 4. Si zote zinazokufikia: boila (mashine inayochoma mafuta au gesi ili kupasha maji) ya zamani ya mafuta hukupa asilimia 85 hivi, zilizobaki zinatoka na moshi.

Tuseme nyumba ilitumia lita 1,500 za mafuta mwaka mzima. Hizo ni uniti 15,000, na ukitoa za moshi zinabaki 12,750 zilizoingia ndani kweli. Hicho ndicho kiasi ambacho pampu italazimika kukitoa.

Sasa tafuta kilele. Katika siku za baridi kali kuliko zote, soma kipimo cha tangi au mita asubuhi, kisha soma tena saa 24 baadaye. Nyumba yetu ikitumia lita 18 kwa siku hiyo, ni uniti 153 za joto. Gawanya kwa 24, unapata kilowati 6.4. Namba hii iandike mahali usipoipoteza. Atakuja mtu kukuambia unahitaji mashine ya kilowati 12 "ili uwe salama", nawe utakuwa na cha kumjibu. Pampu iliyozidi sana nyumba huwaka, hufikia joto haraka, huzima, huwaka tena, na kuwaka-zima huko hupunguza ufanisi na kuichosha kompresa. Pampu za kisasa zina inveta inayopunguza mwendo, lakini nayo ina kikomo chake cha chini.

Hatua ya 3: Jaribio la nyuzi 50

Hili ndilo jaribio ninalolithamini kuliko mengine yote, na halikugharimu chochote zaidi ya subira. Kama nyumba ina boila na redieta za maji, yaani paneli za chuma zinazopitisha maji ya moto na kupasha chumba, subiri wiki ya baridi kali. Nenda kwenye boila, shusha joto la maji yanayotoka hadi nyuzi 50. Fungua vali za redieta zote. Iache iwake mchana na usiku bila kuizimazima, kwani maji ya joto la chini hupasha polepole. Weka kipimajoto katika kila chumba, mbali na jua na mbali na redieta, uandike asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne.

Vyumba vyote vikifika joto unalolipenda, nyumba iko tayari. Kimoja au viwili vikibaki baridi, hivyo ndivyo vinavyohitaji redieta kubwa zaidi au kazi ya madirisha, na huna haja ya kung'oa mfumo mzima. Nyumba nzima ikitetemeka hadi uyarudishe maji kwenye nyuzi 65, rudi hatua ya 1; pampu ya joto itakuumiza ukiiweka sasa. Ikiwa boila yako ndiyo inayochemsha pia maji ya kuoga kwenye tangi, usiiguse sehemu hiyo. Tangi hilo hupaswa kupandishwa hadi nyuzi 60 mara kwa mara, kwa kawaida mara moja kwa wiki, ili kuua bakteria wa lejionela.

Sababu ya redieta kushindwa ni hii: uwezo unaoandikwa kwenye redieta nyingi hupimwa kukiwa na tofauti ya nyuzi 50 kati ya wastani wa maji na hewa ya chumbani. Tofauti ikiwa nyuzi 25 tu, redieta hiyo hiyo hutoa karibu asilimia 40 ya uwezo wake. Dawa ni eneo kubwa: paneli mbili au tatu badala ya moja, au mabomba ya sakafuni, ambayo kwa kuwa sakafu nzima inakuwa redieta, huridhika na maji ya nyuzi 30 hadi 40.

Hatua ya 4: Hesabu ya bei

Hapa watu hupenda kunukuu hesabu za jirani. Ziache, tumia bili zako.

Kwa lita ya mafuta unapata uniti 8.5 za joto. Kwa uniti moja ya umeme, pampu yenye SCOP ya 3 inakupa 3. Gawanya 8.5 kwa 3, unapata 2.8. Maana yake, bei ya lita moja ikizidi bei ya uniti 2.8 za umeme, pampu inakuokolea fedha. Ikiwa chini yake, unaongeza bili. Kwa kilo ya gesi ya mtungi katika boila ya ufanisi wa asilimia 90, mpaka ni uniti 3.8. Kwa gesi asilia inayouzwa kwa uniti, umeme usizidi mara 3.3 ya bei ya gesi. Kilo ya kuni kavu katika jiko zuri, lenye ufanisi wa asilimia 70, ni karibu uniti 0.9, anayepata kuni kwa bei ya chini hataokoa fedha, ingawa atapumzika moshi na kupasua magogo.

Rudia kila hesabu kwa SCOP ya 2.5. Ikiwa faida inapotea hapo, una nafasi ndogo ya kukosea, na ufungaji mbovu kidogo tu utaimeza.

Anayepasha kwa hita za umeme hana haja ya kuhesabu sana: theluthi mbili ya umeme wa kupashia itaondoka kwa SCOP ya 3. Kwa nyumba kama hiyo, yenye miezi kadhaa ya baridi, nasema nenda.

Kwa nyumba yetu ya mfano, joto la uniti 12,750 litakula uniti 4,250 za umeme. Toa gharama hiyo kwenye gharama ya lita 1,500, ubaki na akiba ya mwaka. Kisha chukua gharama yote ya kufunga, ikiwa na redieta mpya, tangi na kazi ya umeme. Kama boila yako imezeeka na ungelazimika kununua nyingine, toa bei ya boila hiyo, kwa sababu fedha hizo zingekutoka kwa vyovyote vile. Toa na ruzuku kama ipo. Kinachobaki kigawe kwa akiba ya mwaka. Pampu iliyofungwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. Jibu lako likiwa 8, ni biashara nzuri, likiwa 19, kwa upande wa fedha haifai.

Kuna wanaojali hewa chafu zaidi ya fedha, nami ni mmoja wao, lakini tuwe wakweli. Umeme wa makaa ya mawe hutoa karibu kilo 1 ya kaboni dioksidi kwa uniti. Ukigawa kwa 3, ni zaidi ya zile kilo 0.2 na ushei za boila nzuri ya gesi asilia. Penye umeme wa maji, jua, upepo au nyuklia, pampu inashinda kwa mbali.

Na kama nyumba yako inahitaji joto wiki tatu tu kwa mwaka, mfumo wa mabomba na tangi hautalipa kamwe. Chukua kiyoyozi kinachogeuza mzunguko, ambacho nacho ni pampu ya joto, ukitumie kupoza kiangazi na kupasha wakati wa baridi.

Hatua ya 5: Chagua aina

Hewa kwa hewa ndiyo hiyo ya kiyoyozi: rahisi kufunga, hupasha chumba haraka, lakini haikupi maji ya moto na vyumba vyenye milango iliyofungwa hubaki baridi. Hewa kwa maji hulisha redieta au sakafu na tangi la kuogea. Ndiyo inayochukua nafasi ya boila. Ya ardhini huvuta joto kupitia mabomba yaliyofukiwa au visima vya mita 50 hadi 200. Kuanzia mita 10 hivi chini, udongo hukaa karibu na joto la wastani wa mwaka, kwa hiyo kisima chetu cha mfano hakirefuki usiku wa baridi kali. Ufanisi wake ni mzuri, uchimbaji ndio gharama. Nyumba ndogo iliyohamiwa vizuri hutumia joto kidogo mno kuweza kurudisha gharama hiyo.

Hatua ya 6: Mahali pa mashine na maswali kwa fundi

Mashine ya nje inahitaji hewa huru mbele na nyuma. Ukiiweka kwenye kona ya kuta mbili, sauti inaongezeka. Ukiisogeza mara mbili ya umbali kutoka dirisha la jirani, katika eneo la wazi sauti inapungua kwa desibeli 6. Zenye propani zisiwe karibu na madirisha, mifereji au mashimo, kwani gesi hiyo inashika moto na ni nzito kuliko hewa. Kwa upande wa tabianchi yenyewe ni afadhali: gesi ya zamani ya R410A ikivuja, kilo moja hupasha dunia kama kilo 2,088 za kaboni dioksidi, R32 kama 675, propani kama 3 au pungufu.

Usisahau maji yanayodondoka. Asubuhi ya unyevu, joto likiwa karibu na nyuzi 0, koili ya nje huota sakitu nyeupe hadi mapezi yake yakafunikwa. Ghafla feni inasimama, unasikia mlio wa "fsss" wa vali ikigeuza mzunguko, kisha mvuke mzito unapanda kama sufuria iliyofunuliwa. Wenye nyumba wengi hudhani inaungua. Inajiyeyushia barafu tu, na baada ya dakika chache inarudi kazini. Maji hayo yakimwagika kwenye njia ya kupita yataganda na mtu atavunjika mguu; yapelekwe kwenye changarawe au mfereji.

Fundi akija, muulize mahitaji ya joto ya kila chumba ameyapimaje, na akuonyeshe karatasi. Muulize maji ameyapangia nyuzi ngapi siku ya baridi kali zaidi, na uwiano wa mashine katika joto hilo, maana ule wa kipeperushi mara nyingi ni wa maji ya nyuzi 35. Muulize mashine inaweza kushuka hadi kilowati ngapi siku ya uvuguvugu. Asiyepima chumba hata kimoja na kutaja ukubwa akiwa mlangoni, mshukuru na umsindikize.

Hatua ya 7: Msimu wa kwanza

Niliitwa kwa mama mmoja aliyekuwa amekata tamaa. "Fundi, hii mashine ni mbovu, bili imenizidi." Nikagusa bomba la kutokea, sikuweza kulishika. Maji yalikuwa yamewekwa nyuzi 60, na kila asubuhi alikuwa anaizima akitoka, kuiwasha jioni nyumba ikiwa imepoa kabisa. "Mama, mashine ni nzima," nikamwambia, "tatizo inakimbizwa mlimani kila siku." Tukashusha maji hadi 45, tukawasha mpangilio unaofuata hali ya hewa ya nje, tukafungua vali za redieta, na nikamsihi asiizime kwa siku kumi. Siku mbili za kwanza alilalamika kwamba redieta hazimuunguzi mkono kama zamani. Kipimajoto cha sebuleni kilikuwa kwenye nyuzi 21 asubuhi na jioni, na mwezi uliofuata bili ikashuka.

Fanya hivyo hivyo. Mpangilio huo huyapa maji joto la chini siku ya uvuguvugu na la juu siku ya baridi kali. Ushushe kidogo kidogo, nyuzi moja kila baada ya siku mbili au tatu, hadi chumba cha baridi zaidi kianze kukulalamikia, kisha panda nyuzi moja. Usiku shusha kidogo tu, au usishushe kabisa. Safisha chujio la maji na uondoe majani kwenye koili ya nje.

Omba ufungiwe mita mbili tangu siku ya kwanza, moja ya umeme unaoingia kwenye pampu na nyingine ya joto linalotoka. Kila tarehe mosi andika namba zote mbili, gawanya joto kwa umeme. Ukiona mwezi wa baridi kali umekupa 2.6 na mwezi wa uvuguvugu 4, mambo ni sawa. Ukiona 1.8, mpigie fundi mashine ikiwa bado ndani ya waranti, ukiwa na daftari mkononi.